Jino Kwenye Kilemba cha Jogoo: Maisha ya John Hunter

Huko London, kwenye makumbusho ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, kuna chupa yenye kichwa cha jogoo. Kilemba chake, ile nyama nyekundu ya utosini, kimepasuliwa katikati, na ndani ya kilemba kuna jino. Si jino la jogoo, maana kuku hana meno. Ni jino la mtu. Aliyelipanda pale ni mpasuaji wa Kiskoti aitwaye John Hunter, aliyefariki mwaka 1793. Mimi nimeiona picha yake tu, lakini tangu siku hiyo jamaa huyu hajanitoka kichwani.

Mimi nasoma ualimu, si udaktari. Nilifika kwa Hunter kwa sababu ya pengo. Nikiwa kidato cha pili tuligongana vichwa uwanjani tukicheza mpira, na jino langu moja la mbele likalegea. Halikung'oka. Lilikaza lenyewe baada ya wiki chache, nikashukuru Mungu, mambo yakaendelea. Kisha likaanza kubadilika rangi taratibu, likawa kama majivu, ufizi ukavimba, na mwisho likang'olewa. Nikaambiwa lilikuwa limekufa siku nyingi. Mwaka huohuo mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mkono. Alifungwa plasta, na baada ya miezi mkono ulikuwa mzima kabisa. Basi mimi nikabaki na swali: kwa nini mfupa uliovunjika vipande viwili unapona, na jino ambalo hata halikuvunjika linakufa?

Jibu ni damu. Ndani ya jino kuna chumba, na ndani ya chumba kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, ambayo wataalamu huiita palpu. Mfupa unapata damu kutoka pande nyingi. Palpu inapata damu yake kupitia tundu la kwenye ncha ya mzizi, ambalo kwa mtu mzima kwa kawaida halifiki hata nusu milimita. Chumba chenyewe kina kuta ngumu, hakiwezi kutanuka. Gonga jino vibaya, mishipa ya pale kwenye tundu inakatika, na palpu yote inakosa damu. Leo watafiti wa nchi mbalimbali wanahangaika na jambo moja: namna ya kuifanya mishipa mipya ya damu iingie tena kwenye jino lililokufa ili nyama yake iote upya. Na ukifuatilia wazo hilo linakotoka, kurudi nyuma zaidi ya miaka 200, unamkuta Hunter na jogoo wake.

Alizaliwa Februari 1728 katika shamba la Long Calderwood, East Kilbride, karibu na Glasgow. Alikuwa kitinda mimba katika watoto kumi. Shuleni hakuwa na maajabu. Yaani tuseme ukweli, shule ilimshinda. Kusoma kulimpa taabu, kuandika kulimpa taabu zaidi, na akiwa na miaka kama 13 hivi akaacha. Alipendelea kuzunguka mashambani akiangalia mayai ya ndege, mchwa, vyura na majani yanavyobadilika rangi, akiwauliza watu maswali ambayo hakuna aliyekuwa na jibu lake. Sisi tunaosomea ualimu tuna majina ya kitaalamu ya mtoto wa namna hiyo. Wazee wa kijijini kwake nao bila shaka walikuwa na majina yao.

Baada ya hapo alikaa bila kazi maalumu, akafanya kazi kidogo ya useremala wa samani Glasgow kwa shemeji yake. Alipofika miaka 20 alimwandikia kaka yake William, aliyekuwa na shule ya anatomia London, akaomba kazi. Mwaka 1748 akapanda farasi akaenda.

William Hunter alikuwa msomi, mtu wa suti na adabu, na shule yake ilikuwa na kivutio kikubwa: kila mwanafunzi alipewa maiti yake ya kupasua, badala ya kukaa nyuma ya umati akimtazama mwalimu kwa mbali. Wale mnaosoma sayansi na mmewahi kushiriki darubini moja watu kumi na watano mnajua maana ya jambo hilo. Lakini maiti hizo zilitoka wapi? Sheria ya Uingereza wakati ule ilitoa miili michache tu ya watu walionyongwa. Iliyobaki ilifukuliwa usiku makaburini na kuuzwa. Kazi ya kushughulika na wauzaji hao iliangukia kwa mdogo mtu, John. Majira ya baridi karibu kumi na moja alikaa kwenye chumba kile, na inasemwa kwamba alipasua maelfu ya miili.

Humo ndimo alimojifunza ufundi uliomfaa maisha yake yote: kudunga mishipa. Ilikuwa hivi. Unachukua nta iliyoyeyushwa na kutiwa rangi, unaisukuma polepole ndani ya ateri ya mwili usio na uhai, unaiacha igande, kisha unaondoa nyama inayozunguka. Kinachobaki ni ramani ya damu ilikokuwa ikipita, hadi vijimshipa vidogo kama nywele. Rangi ikifika mahali, ujue mishipa inafika hapo. Isipofika, hamna njia. Kwa ufundi huu John aliyafanya meno pia, na aliona kwamba rangi inaingia kwenye palpu lakini haiingii kwenye ile sehemu ngumu. Uhai wa jino uko ndani, na umelindwa na kitu kisicho na mshipa hata mmoja.

William alitamani mdogo wake awe msomi wa heshima, hivyo mwaka 1755 akampeleka Oxford. John alikaa huko chini ya miezi miwili. Walitaka kumfundisha Kilatini na Kigiriki, naye akaona anapotezewa muda, akafunga mizigo. Hakudisko; alijidisko mwenyewe. Nasema hivi kwa tahadhari, maana najua kuna msomaji aliye na sapu tatu ambaye ataikata sentensi hii na kuibandika ukutani hosteli. Kumbuka tu kwamba jamaa alirudi kazini kabla jua halijachomoza na hakutoka hadi usiku wa manane, na alifanya hivyo kwa miaka 40.

Mwaka 1760 alijiunga na jeshi kama mpasuaji, akaenda kwenye kisiwa cha Belle Île pwani ya Ufaransa na baadaye Ureno. Desturi ya wapasuaji wa jeshi ilikuwa kulipanua jeraha la risasi kwa kisu na kuchokonoa kwa vidole hadi risasi ipatikane. Hunter alikutana na askari wachache wa Kifaransa waliokuwa wamepigwa risasi kisha wakajificha siku kadhaa kwenye nyumba tupu bila daktari yeyote kuwagusa. Walikuwa na hali nzuri kuliko wale waliotibiwa. Akaacha kupanua majeraha ovyo. Hapo ndipo alipoanza kuangalia mwili ukijitengeneza wenyewe, na aliangalia jinsi damu iliyoganda kwenye jeraha inavyopata mishipa yake, nyama mpya nyekundu ikaota juu yake. Aliamini kwamba damu yenyewe ina uhai. Wengi walimwona wa ajabu.

Vita viliisha mwaka 1763 akarudi London hana hela wala wagonjwa. Nafasi yake kwa William ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine. Basi akaingia kwenye kazi ambayo mpasuaji anayejiheshimu wa wakati ule asingeigusa: meno. Alishirikiana na daktari wa meno aitwaye James Spence. Watu walikula sukari nyingi iliyotoka visiwa vya Karibi, iliyolimwa na watumwa waliotekwa Afrika, na vinywa vya matajiri wa London vilikuwa vimeoza. Kazi ilikuwepo.

Kutokana na miaka hiyo alitoa kitabu chake cha kwanza kikubwa mwaka 1771, kuhusu maumbile ya meno ya binadamu, na cha pili mwaka 1778 kuhusu magonjwa yake. Alieleza kwa mpangilio jinsi meno yanavyoota, yanavyong'oka na yanavyopishana. Yale makundi tunayowafundisha watoto wa shule ya msingi, meno ya mbele, chonge, magego awali na magego, mpangilio wake tuliupata kwa kiasi kikubwa kutoka kwake.

Lakini ndani ya vitabu hivyo kuna sura inayonisumbua. Hunter aliunga mkono kuhamisha meno kutoka mtu hadi mtu. Tajiri amepoteza jino la mbele. Anatafutwa kijana maskini mwenye meno mazuri. Jino lake linang'olewa na papo hapo linapachikwa kwenye pengo la tajiri na kufungwa kwa uzi kwenye meno ya jirani. Ushauri wa Hunter ulikuwa jino liwe la mtu mdogo, na watoaji wawepo kadhaa wamesubiri, ili la kwanza lisipotosha lijaribiwe la pili. Fikiria foleni ile. Wewe wa pili unasimama pale unamtazama wa kwanza akitoka na damu mdomoni, jino lake limekataliwa kwa sababu ni nene mno. Halirudi kwake.

Mwaka 1787 mchoraji Thomas Rowlandson aliichora hali hiyo kwa kejeli kali: mabwana na mabibi wamekaa kwenye viti, na watoto wa mitaani wanatoka wakishika mashavu. Hunter hakuianzisha biashara hiyo, lakini aliipa heshima ya kitaalamu. Watu wakasema, kama Hunter amesema meno yanashika, basi yanashika.

Kwa nini yeye aliamini yanashika? Kwa sababu ya jogoo. Alichukua jino zima la mtu, akatoboa jeraha refu kwenye sehemu nene ya kilemba cha jogoo, akalisukuma jino humo kwa upande wa mzizi na kulifunga kwa nyuzi. Kilemba cha jogoo hakikuchaguliwa kwa mzaha. Ni moja ya sehemu zenye damu nyingi kwenye mwili wa ndege, ndiyo maana ni chekundu vile. Kabla ya hapo alikuwa ameshahamishia kilembani kucha ya nyuma ya mguu wa jogoo, ile anayopigania, nayo ikaota. Jogoo mwenye jino aliishi miezi kadhaa. Kisha Hunter akamchinja, akakidunga kichwa rangi laini kabisa, akakiloweka kilemba kwenye asidi hafifu hadi jino likalainika, akalipasua kwa urefu pamoja na kilemba. Akaona rangi imo ndani ya jino. Mishipa iliyojaa rangi imejaa kwenye palpu, na nje ya jino kote limeshikamana na nyama ya jogoo kwa vijimshipa, kama linavyoshikamana na ufizi.

Yaani damu ya jogoo ilikuwa ikiingia kwenye jino la mtu.

Sasa, jambo ambalo waigaji wake hawakulisoma, au walilisoma wakalipita. Hunter mwenyewe aliandika palepale kwamba jaribio hili kwa kawaida halifanikiwi. Alilifanya mara nyingi sana, na lilifanikiwa mara moja tu. Mtu anayetafuta sifa angenyamaza. Yeye aliandika. Kwa hiyo mimi namlaumu na kumtetea kwa wakati mmoja: taarifa yake ilikuwa ya kweli, na bado aliwashauri watu wapange foleni ya vijana kwa ajili ya tendo ambalo mikononi mwake lilikuwa limeshindwa karibu kila mara. Leo tunajua mwili hukataa nyama ya mwingine, na kwamba meno mengi yaliyohamishwa yalikaa kwa muda kisha mizizi ikaliwa, yakalegea. Baadhi ya waliopokea waliugua baadaye vidonda ambavyo wengi waliamini ni kaswende iliyotoka kwa mwenye jino. Hunter alibisha kwamba haikuwa kaswende.

Na kuhusu kaswende alikuwa na kosa lake jingine kubwa. Mwaka 1767 alifanya jaribio la kuchanja usaha wa mgonjwa wa kisonono kwa mtu mwingine, zikatokea dalili za magonjwa yote mawili, akahitimisha kwamba kisonono na kaswende ni ugonjwa mmoja. Bila shaka aliyetoa usaha alikuwa nayo yote mawili. Kitabu chake cha mwaka 1786 kililieneza kosa hilo, na lilidumu miaka mingi baada ya yeye kufa. Jaribio moja, hitimisho moja, na kwa kuwa jina ni kubwa, kila mtu anafuata. Hapo hakuandika kwamba inabidi kurudia.

Mwaka huohuo wa 1767 alikuwa amechaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka uliofuata akawa mpasuaji wa Hospitali ya St George's. Mwaka 1771 alimwoa Anne Home, mshairi, ambaye baadhi ya mashairi yake yalitiwa muziki na Haydn. Nyumba yao ilikuwa na wageni wa muziki upande mmoja na mizoga upande mwingine. Kwenye shamba lake la Earl's Court alifuga wanyama wa kila aina. Wanafunzi walihamia kwake. Mmojawapo alikuwa Edward Jenner, aliyekuja baadaye kuanzisha chanjo ya ndui. Kufundisha kwa Hunter kulikuwa kubaya kwa maana ya lekcha: alisoma kwenye karatasi, sauti ya chini, na kabla ya kuanza mfululizo wa masomo alikuwa akinywa matone ya kasumba kutuliza woga. Lakini mwanafunzi aliyemletea nadharia alirudishwa akaipime kwa mkono wake. Jenner alipomwandikia barua kuhusu kalunguyeye wa Ulaya wanaolala majira yote ya baridi, Hunter alimuuliza kwa nini anawaza tu bila kujaribu.

Kisha kuna habari ya pembe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1785, katika bustani ya mfalme ya Richmond, Hunter alimkamata dume la kulungu wa Ulaya. Hawa si kama kulungu wetu, ambao pembe zao ni za maisha. Wale hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha mpya, na pembe inapoota imefunikwa ngozi laini yenye damu nyingi, ukiigusa ina joto. Hunter aliifunga kwa uzi ateri kubwa ya shingo upande mmoja. Pembe ya upande ule ikawa baridi. Kila mtu angetegemea ife na kudondoka. Baada ya siku chache akaigusa tena, ina joto. Akadhani uzi umelegea. Mnyama alipochinjwa na kudungwa rangi, uzi ulikuwa umekaza vilevile, ila mishipa midogo ya pembeni, juu na chini ya pale palipofungwa, ilikuwa imetanuka na kubeba damu yote.

Ukitaka mfano wa kwetu, fikiria Barabara ya Morogoro imefungwa saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza mji umesimama. Siku ya pili daladala zimeanza kupita vichochoroni. Tofauti ni kwamba mwilini vichochoro vinapanuka vyenyewe vikawa barabara.

Kama kisa cha kulungu kilikwenda sawasawa na kinavyosimuliwa, wanahistoria wanabishana. Kilichofuata hakibishaniwi. Desemba 1785 pale St George's alilazwa dereva wa gari la farasi, mwanamume wa miaka 45, mwenye uvimbe wa ateri nyuma ya goti. Ateri ilikuwa imetuna kama puto na ikipasuka amekwisha. Matibabu ya kawaida yalikuwa kukata mguu, na Percivall Pott, mpasuaji maarufu aliyewahi kumfundisha Hunter, aliona hakuna njia bora zaidi. Hunter hakuugusa uvimbe. Alipanda juu, akapasua paja, akaifunga ateri mahali ilipokuwa bado nzima, akaamini kwamba vichochoro vitafanya kazi. Vilifanya. Wiki kama sita baadaye yule bwana alitoka hospitali kwa miguu yake miwili, akarudi kuendesha gari. Alikufa zaidi ya mwaka mmoja baadaye kwa homa isiyohusiana na mguu, na Hunter, kama kawaida yake, akautafuta mguu ule na kuupata. Hata huo aliuhifadhi.

Kati ya jogoo, kulungu na dereva ninaona swali moja tu likiulizwa mara tatu: sehemu iliyokosa damu inaweza kupata njia nyingine? Mguu na pembe vilijibu ndiyo, kwa sababu vina majirani pande zote. Jino lilijibu ndiyo mara moja katika mara nyingi, kwa sababu lina mlango mmoja.

Na hapo ndipo watafiti wa leo wamesimama. Jino la mtoto ambalo mzizi wake haujafunga lina mlango mpana, na madaktari wa meno walianza kuutumia. Mwaka 2001 madaktari wa Japani walichapisha habari za mgonjwa wa miaka 13 ambaye jino lake lenye usaha lilisafishwa kwa dawa, na mzizi wake ukaendelea kukua. Katika njia iliyoenea baada ya hapo, daktari anasafisha ndani, kisha anachokoa makusudi ng'ambo ya ncha ya mzizi mpaka damu ipande na kujaza chumba, iganda, na juu yake anaziba. Damu iliyoganda inakuwa kama jukwaa, mishipa inaota ndani yake. Hunter asingeshangaa. Kuna protini zinazoiita mishipa ya damu, maarufu ikiwa VEGF, na imegundulika kwamba dentini, ile sehemu ngumu ya jino, imezihifadhi ndani yake tangu ilipotengenezwa. Ukiiosha kwa dawa fulani inaziachia. Wengine wamekwenda mbali zaidi: Japani mwaka 2017 walichapisha jaribio la wagonjwa watano waliorudishiwa seli shina za palpu yao wenyewe.

Ila tusikimbilie kushangilia. Meno yaliyochunguzwa baada ya njia ile ya damu mara nyingi yalikutwa na nyama hai, sawa, lakini siyo palpu hasa. Ni tishu inayofanana zaidi na ile ya mfupa na ya kuzunguka mzizi. Kwa mtu mzima, mwenye tundu jembamba, kazi ni ngumu zaidi. Na protini zinazoita mishipa huwezi kuzimwaga hovyo, kwa sababu uvimbe wa saratani nao hutumia wito huohuo kujitafutia damu.

Turudi kwa mzee. Kadiri alivyozeeka alizidi kukusanya. Mwaka 1783 alikufa London Charles Byrne, kijana wa Ireland aliyekuwa mrefu kupita kiasi na aliyejipatia riziki kwa kuonyeshwa kwa watu. Byrne alijua wapasuaji wanaumezea mate mwili wake, akaomba marafiki wamzike baharini. Hunter alitoa fedha, akaupata, akauchemsha, na mifupa ikasimamishwa kwenye makumbusho yake. Ilikaa ikionyeshwa zaidi ya karne mbili. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023 mifupa ile iliondolewa kwenye maonyesho. Siwezi kumtetea hapo hata kidogo, na sijaribu. Na kaka yake William naye walikosana vibaya mwaka 1780, John alipodai mbele ya Royal Society kwamba ni yeye aliyeonyesha kuwa damu ya mama na ya mtoto tumboni hazichanganyiki. William alikufa miaka mitatu baadaye bila ndugu hao kupatana ipasavyo.

Moyo wa John ulikuwa unaumwa kwa miaka. Maumivu ya kifua yalimkamata hasa anapokasirika, naye alikuwa mtu wa hasira. Alijua hatari hiyo na alikuwa akiisema waziwazi. Tarehe 16 Oktoba 1793 alikwenda kwenye kikao cha bodi ya St George's kuwatetea vijana wawili wa Kiskoti waliotaka kusoma hospitalini hapo bila kuwa na vyeti vilivyotakiwa na kanuni mpya. Vijana kama alivyokuwa yeye miaka 45 kabla. Katika mabishano mjumbe mmoja alimpinga hadharani. Hunter alinyamaza, akatoka kwenda chumba cha pili, akaanguka mikononi mwa daktari aliyekuwepo na kufa. Alikuwa na miaka 65.

Aliacha madeni na mkusanyiko wa vitu karibu 14,000. Serikali iliununua mwaka 1799 kwa pauni 15,000 na kuukabidhi kwa wapasuaji. Maandiko yake yalichukuliwa na shemeji yake, Everard Home, mpasuaji pia, ambaye alichapisha kazi nyingi kwa jina lake mwenyewe na mwaka 1823 akayachoma moto yale ya Hunter. Kilichookoka kiliokolewa na William Clift, kijana maskini aliyeajiriwa na Hunter mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ambaye alikuwa ameketi usiku kwa usiku kunakili kurasa nyingi kwa mkono. Mwaka 1859 mabaki ya Hunter yalihamishiwa Westminster Abbey. Mwaka 1941 mabomu ya Wajerumani yaliangukia makumbusho na sehemu kubwa ya mkusanyiko ikateketea.

Jogoo alibaki. Yuko kwenye chupa yake, na jino liko kilembani, limepasuliwa kwa urefu. Habari za mwenye jino hazimo. Hunter aliandika tu kwamba lilitoka kichwani mwa mtu, na kwamba lilikuwa zima.